Greviti ya bia ya nyumbani: koki inasema 1.022, juu inasema 1.016, nishike lipi?

#1 NdooYaBuluu
Wakuu, mnisaidie kusoma sampuli, maana ndoo moja inanipa majibu mawili.

Ndoo ni ya plastiki, lita 25, ina koki chini na eyaloki (kizibo chenye maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) ya vipande vitatu juu ya mfuniko. Ndani mna lita 20 za pale ale: kimea cha unga (sukari ya kimea iliyokaushwa) kilo 2.5, hopsi (maua machungu ya bia), pakiti moja ya hamira ya US-05. Nilichemsha lita 14 kisha nikaongeza maji baridi hadi 20. Greviti (uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, hushuka sukari ikiliwa) ya mwanzo nilisoma 1.052, sampuli ya kwenye koki, kabla ya kutia hamira. Chumba kiko 27°C.

Leo ni siku ya 6. Sampuli ya koki: 1.022. Dakika kumi baadaye nikafungua mfuniko, nikavuta ya juu kwa sirinji: 1.016. Haidromita (kipimo cha greviti kinachoelea) ni ile ile, silinda ni ile ile ya ml 100. Eyaloki bado inatoa kipovu kila baada ya sekunde 40 hivi.

Nishike lipi? Na je, nachota mara nyingi mno? Hii ni sampuli ya nne.

#2 Hamira26
Gesi hiyo. Bia inayochachuka imejaa CO2. Ukiimimina kutoka kwenye koki moja kwa moja hadi silindani, vipovu vinaganda kwenye kioo cha haidromita na kuinyanyua kama boya. Pointi kadhaa (pointi moja ni 0.001 ya greviti) zinaongezeka hewani tu. Ile ya sirinji iliyumbishwa wakati wa kuvuta na kusukuma, kwa hiyo gesi nyingi ilishatoka.

Mwaga sampuli kutoka kikombe hadi kikombe mara kumi au zaidi, hadi isitoe povu jipya. Kisha tumbukiza haidromita, izungushe kwa vidole ili vipovu viachie, subiri dakika moja, soma usawa wa chini wa ule mkunjo wa maji na si pale maji yanapopanda kwenye shingo ya kioo.

#3 KokiYaShaba
Hamira26 kasema kweli lakini si hilo hapa. Tatizo ni tumbo la koki.

Ndani ya koki na shingo yake mnabaki kimiminika ambacho hakizunguki na wenzake. Kwenye koki hizi za plastiki huwa kama ml 15. Kilijaa humo siku ya kwanza, kina sukari ya siku ya kwanza. Piga hesabu: ml 15 za 1.052 ndani ya silinda ya ml 100 ambayo sehemu iliyobaki ni 1.016. Tofauti ni pointi 36, mara 0.15, unapata pointi 5.4. Jumla 1.021 na ushee. Yeye kasoma 1.022.

Dawa: ml 50 za kwanza zimwage, pima zinazofuata.

#4 Mla_Togwa
Ml 50 zimwagwe? Mimi nipo, nileteeni.

#5 FundiMizani
Kabla ya kugombana kuhusu siku ya 6, turudi siku ya kwanza, maana 1.052 yenyewe si kweli.

Kilo 1 ya kimea cha unga kwenye lita 1 hutoa pointi kama 367. Kilo 2.5 mara 367, gawa kwa 20, ni pointi 46 kasoro kidogo. Greviti yako ya mwanzo ilikuwa 1.046. Kimea cha unga hakina siri kama nafaka uliyosaga mwenyewe. Kikishayeyuka chote, hesabu ndiyo hiyo. Ulisoma 1.052 kwa sababu woti (maji ya kimea kabla ya kuchachuka) nzito ilikaa chini na maji uliyoongeza yakakaa juu, nawe ukachota chini.

Kosa hili lina gharama: ukimaliza kwenye 1.010 utaandika (1.052 − 1.010) × 131.25 (namba ya kugeuza greviti kuwa asilimia), yaani kilevi 5.5%. Ukweli ni 4.7%.

Halafu joto. Haidromita nyingi zimepimwa kwa 20°C (soma karatasi ya ndani, nyingine za zamani ni 15.6°C). Kwa 27°C ongeza karibu 0.002. Hili halielezi tofauti ya koki na juu, kwa kuwa sampuli zote mbili zilikuwa chumba kimoja, lakini namba zote mbili ziko chini ya ukweli.

#6 NdooYaBuluu
Asante FundiMizani. Nilikoroga kwa mwiko kabla ya kupima, ila si sana, niliogopa kuingiza hewa.

Kwa hiyo inawezekana hata leo bado kuna tabaka la chini zito?

#7 FundiMizani
Kabla ya hamira ndiyo wakati pekee ambao hewa ni rafiki. Koroga hadi mkono uchoke.

Tabaka leo? Mimi nadhani kuna mabaki yake. Chini kuna mashapo ya hopsi na hamira, na koki yako iko sentimita chache tu juu ya hapo.

#8 Hamira26
Hapana, hapo siafiki. Uchachushaji wenyewe ni mwiko. Vipovu vinapanda siku sita mfululizo vikivuta kimiminika juu, na joto la hamira linasaidia kukizungusha. Tabaka la siku ya kwanza halifiki hata siku ya pili likiwa zima.

Na wewe KokiYaShaba, hesabu yako ni nzuri ila ina tundu. Hizo ml 15 za kwenye koki hazikukaa siku sita bila hamira. Hamira inazama, na koki iko chini: ndiyo sehemu inayopata hamira nyingi kuliko zote. Kwa nini ibaki 1.052 kama kwenye friji?

#9 KokiYaShaba
Kwa sababu hamira ikishaziba mdomo wa ndani wa koki kama tope, iliyo ndani inajichachukia yenyewe taratibu. Sijasema lazima iwe 1.052 kamili. Na kumbuka #1 anasema hii ni sampuli ya nne. Kila akichota anaijaza koki upya na woti ya siku hiyo. Mtu aseme alichota lini mara ya mwisho.

#10 NdooYaBuluu
Siku ya 3. Ilisoma 1.030.

#11 KokiYaShaba
Basi hesabu yangu imekufa. Pointi 14 mara 0.15 ni 2 tu. Nimekubali nusu.

#12 Mla_Togwa
Andikeni tarehe. KokiYaShaba kakubali kitu humu jukwaani.

#13 Shangazi_Povu
Mnapiga hesabu na mwenzenu ndoo yake inanyonya maji ya eyaloki. NdooYaBuluu, ulipofungua koki mfuniko ukiwa umefungwa, eyaloki ilifanyaje?

Ndoo ya lita 25 yenye bia lita 20 ina lita 5 za nafasi juu. Ukitoa ml 200 chini bila kitu kuingia juu, shinikizo linashuka kwa 4%. Hiyo ni sawa na kuvuta maji kimo cha sentimita 40. Eyaloki ina sentimita mbili tatu. Hata mfuniko ukibonyea kidogo kukusaidia, eyaloki ya vipande vitatu inaweza kurudisha maji yake ndani ya bia. Ile ya umbo la S huwa inapitisha hewa tu na maji yanabaki.

Utaratibu wa koki ni huu. Nyunyizia mdomo wa koki spiriti ya 70% ya duka la dawa, nje na ndani, subiri dakika moja. Chomoa eyaloki, funika tundu kwa kipande cha pamba kilicholowa spiriti hiyo hiyo. Fungua koki kidogo, kwa sababu ukiifungua kwa kishindo inavuta tope la chini. Za kwanza ml 50 ni za Mla_Togwa. Jaza silinda, funga, nyunyizia tena mdomo hadi utiririke, kisha uufunge kwa karatasi ya foili. Rudisha eyaloki.

Kule kunyunyizia mara ya pili ndiko watu wanakoruka. Tone la bia tamu linabaki kwenye mdomo wa koki, nzi wadogo wa matunda wanalifuata na kuleta bakteria wa siki, na wewe siku ya kujaza chupa unapitisha lita 20 zote hapo hapo.

#14 Mtwapa_Kimea
Niaje wadau. Shangazi, spiriti sawa. Mimi eyaloki naijaza Konyagi, hata ikinyonywa ndani haina neno. Je, kwa koki pia naweza kutumia hiyo?

#15 Shangazi_Povu
Kwa eyaloki ni sawa kabisa. Kwa koki hapana: Konyagi ni 35%, na kilevi huua vijidudu vizuri kati ya 60% na 80%. Kunyunyizia 35% kwenye koki ni kuwakaribisha bakteria na kinywaji.

Na kabla hajatokea wa kusema Jiki: inaua, ila isuuze kwa maji yaliyochemshwa. Klorini ikikutana na fenoli za kimea inatoa harufu ya plasta ya jeraha, na harufu hiyo haitoki. Mwenye Star San (sanitaiza ya watengeneza bia), ml 1.5 kwa lita ya maji, dakika moja au mbili, haisuuzwi.

#16 Mtwapa_Kimea
Mimi naona mnajipa kazi. Refraktomita! Matone mawili tu, hakuna silinda, hakuna koki. Hapo ml 250 za watu zinaenda bure mara nne, hiyo ni lita nzima, chupa tatu za ml 330 zimeliwa na vipimo.

#17 FundiMizani
Hapo kwenye chupa tatu una haki. Ila mtu akisoma refraktomita siku ya 6 bila kusahihisha atalia.

Kifaa hicho kinapima jinsi mwanga unavyopinda, na kilevi kinaupinda mwanga kuliko maji. Kabla ya hamira hakuna shida, Brix 1 (kipimo cha sukari cha kifaa hicho) ni pointi 4 kwa makadirio. Baada ya hapo lazima utumie fomula yenye namba mbili, Brix ya mwanzo na Brix ya leo. Mfano: umeanza na 12.4, leo unasoma 6.5. Ukigeuza kienyeji unapata 1.026 na unadhani hamira imekwama. Ukipitisha kwenye fomula unapata karibu 1.010, yaani bia imekwisha.

Na namba hiyo bado ni makadirio. Kuna fomula zaidi ya moja na hazikubaliani kwa pointi moja au mbili. Kwa kuangalia kama namba *inabadilika*, refraktomita inatosha: 6.5 leo, 6.5 kesho kutwa, imesimama. Kwa kuandika kilevi kwenye chupa, tafuta haidromita.

#18 Mtwapa_Kimea
Sawa mwalimu.

#19 Mla_Togwa
Swali la kweli sasa, si utani. Kwa nini usitumbukize haidromita yenyewe ndani ya ndoo ikae humo? Hupotezi tone.

#20 Hamira26
Wapo wanaofanya. Shida zake: povu la juu linakauka kwenye shingo ya kioo na kuiongezea uzito, kwa hiyo inazama na kusoma chini. Pia huwezi kuisoma bila kufungua mfuniko, na kila ukifungua CO2 ya juu inachanganyika na hewa. Msidanganywe na lile "blanketi la CO2", gesi huchanganyika. Siku ya 2 hilo si kitu, hamira inatoa nyingine papo hapo. Siku ya 12 hakuna wa kuijaza tena, na bia ya hopsi nyingi inaanza kugeuka rangi na kunuka karatasi iliyolowa.

Na ikipasuka humo, umemwaga lita 20.

#21 Shangazi_Povu
Kwa anayechota juu, sirinji ya ml 60 ile ya kulishia wagonjwa, yenye ncha pana, ndiyo mkombozi wa maskini. Ichomeke mpira ulio salama kwa chakula wa sentimita 40, loweka vyote kwenye sanitaiza dakika mbili, vuta mara nne. Pitisha mpira kwenye tundu la eyaloki, mfuniko usiuguse. Ncha ya mpira ifike katikati ya bia, chini ya povu na juu ya mashapo. Ile sirinji haifai tena kwa mgonjwa.

Sampuli hairudi ndoo. Hata ukiapa kwamba silinda ni safi.

#22 KokiYaShaba
Hamira26 anasema hewa ya juu ni mbaya, Shangazi anasema chota juu. Ndiyo maana mimi ni wa koki.

#23 Shangazi_Povu
Na ukitumia koki, hewa inaingia juu hiyo hiyo kuziba nafasi ya ulichotoa. Ml 200 ni ml 200, mwanangu. Tofauti ni kwamba mimi sina tope.

#24 Kibosho_Juu
Nauliza kando. Kwa mbege (pombe ya ndizi na ulezi) vipi? Nimejaribu haidromita inasimama popote nitakapoiachia.

#25 FundiMizani
Itasimama popote kwa sababu mbege ni kimiminika chenye vitu vinavyoelea. Mso (uji wa ulezi ulioota) na nyuzi za ndizi vinaishikilia haidromita kama matope. Chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye friji masaa mawili ili vizame na uchachu upungue kasi, mimina cha juu kinachoonekana, kipashe hadi 20°C, pima. Hata hapo wanga usiogeuka sukari unaongeza uzito ambao hamira haitaugusa kamwe. Tumia namba kujua kama inashuka kutoka asubuhi hadi jioni, usiitumie kuhesabu kilevi.

Na mso unatiwa baadaye, ukiwa na wanga na vimeng'enya vyake. Greviti ya mwanzo ni ipi hapo? Ya maji ya ndizi au ya baada ya mso? Hesabu ya 131.25 haikutungwa kwa kinywaji cha namna hiyo.

#26 Kibosho_Juu
Kwa hiyo tuendelee na ulimi.

#27 Mla_Togwa
Ulimi ndiyo haidromita ya kwanza, na hauvunjiki.

#28 Shangazi_Povu
Msicheke, ulimi ni nusu ya sababu ya kuchota. Sampuli ikishapimwa inuse. Tufaha bichi: bado changa, acha. Yai bovu kidogo: gesi ya salfa, huwa inaondoka yenyewe. Siki kali: tayari una mgeni.

Siagi inahitaji kipimo chake. Gawa sampuli vikombe viwili vyenye vifuniko. Kimoja kiweke kwenye maji ya 60 hadi 70°C kwa nusu saa, kisha kipoze kilingane na mwenzake. Nusa vyote viwili. Kilichopashwa kikinuka siagi na kile kingine hakinuki, malighafi ya siagi bado imo na hamira haijaimaliza. Usipoze ndoo, usijaze chupa, ipe siku mbili tatu.

#29 NdooYaBuluu
Nimerudia leo, siku ya 8, kwa maelekezo yenu. Nimemwaga ml 50 za kwanza, nikapitisha kikombe kwa kikombe mara kumi na tano, nikanyunyizia koki. Zote 27°C, sijaongeza la joto.

Koki: 1.015
Juu: 1.013

#30 Hamira26
Nilisema gesi.

#31 KokiYaShaba
Kamwaga ml 50 *na* katoa gesi kwa pamoja. Utajuaje ni lipi limesaidia? Angefanya moja moja.

#32 FundiMizani
Na pointi 2 zilizobaki ni nini? Mashapo. Hamira inayoelea kwenye sampuli ya chini inaongeza uzito. Iache silinda kwenye friji ijisafishe, ipashe, upime tena.

#33 Mtwapa_Kimea
Au si kitu. Haidromita za kawaida, zile za 0.990 hadi 1.170, zina mstari kila 0.002. Tofauti ya mstari mmoja ni jicho tu. Ipo haidromita ya kumalizia, ya 0.980 hadi 1.020, mistari yake imeachana vizuri.

#34 FundiMizani
Jicho lingekosea pande zote mbili. Hapa koki iko juu kila mara.

#35 Hamira26
Vipimo viwili si "kila mara".

#36 Shangazi_Povu
Wakati mnavutana, NdooYaBuluu anaweza kuuliza hamira yenyewe itaishia wapi. Chota ml 200, safari hii *pamoja* na tope la koki kwa makusudi, tia kwenye chupa safi ya lita moja, funika kwa foili bila kukaza, weka mahali pa 27°C au zaidi kidogo, itikise kila ukipita. Hamira nyingi, kimiminika kidogo, siku moja au mbili imemaliza kila inachoweza kula. Toa gesi, acha itulie, pima. Hiyo ndiyo namba ambayo ndoo kubwa inaielekea. Kama chupa inatoa 1.009 na ndoo iko 1.013, hujafika. Kama ndoo imesimama 1.013 siku tano na chupa ilifika 1.009, hamira ya ndoo imelala. Itikise ndoo taratibu bila kufungua.

#37 NdooYaBuluu
Kwani 1.013 haiwezi kwenda chupani? Bia ya duka inaishia wapi?

#38 Hamira26
USIJAZE. Kila pointi moja inayochachukia ndani ya chupa ni karibu nusu ujazo wa CO2 (ujazo 1 ni lita ya gesi kwa lita ya bia). Pointi 4 ni ujazo 2 wa ziada, juu ya 2.4 ambao sukari yako ya kujazia itakupa. Chupa ya bia ya kawaida haikuundwa kwa 4.4. Hiyo ni chupa ya shampeni.

Usomaji mmoja hausemi kitu, hata ukiwa mzuri. Mbili zinazofanana, zimeachana siku mbili au tatu, njia moja, joto moja. Ukianza na koki, maliza na koki, hata kama koki inadanganya. Itadanganya vilevile mara zote mbili.

#39 FundiMizani
Isipokuwa kwa hamira za aina ya diastaticus, mfano Belle Saison. Hizo zina kimeng'enya cha kukatakata sukari ndefu, zinaweza kushuka pointi moja kwa siku kadhaa wakati wewe unaona "imesimama". Hapo nafasi kati ya sampuli iwe wiki.

#40 KokiYaShaba
Kwa hiyo jibu la "mara ngapi": kabla ya hamira, siku ya 6 au 7, kisha mbili za kuthibitisha. Ya siku ya 3 ilikuwa udadisi tu.

#41 Mtwapa_Kimea
Kwa US-05 sawa. Sisi wa joto la pwani tunaotumia hamira ya kveik ya Voss kwa 35°C, siku ya 3 ndiyo yenyewe. Ukisubiri ya 6 utakuta imeshalala.

Halafu kuna iSpindel, inaelea ndani na kutuma namba kwa WiFi, hauchoti kitu. Ukijua kuchomea vipande unaiunda mwenyewe: ubao wa ESP8266, kihisi cha mwinamo, betri ya 18650.

#42 Hamira26
Inayosoma mwinamo wake. Povu likiikalia begani inasoma upuuzi. Nzuri kwa mstari wa kushuka, na sampuli ya kumalizia utachota tu.

#43 NdooYaBuluu
Nimeweka chupa ya Shangazi, nitarudi keshokutwa na namba. Swali la mwisho: foili ya kwenye koki nimekuta nzi wawili wameshakwama nje yake. Ninyunyizie tena sasa hivi au nisubiri sampuli ijayo?

#44 Shangazi_Povu
Sasa hivi. Na ubadilishe foili.